Siku Saba Koboko Bila Msiba

Ukurasa ule ulikuja umefunga sabuni. Miaka ile sabuni ilipatikana kwa vipande, na mama mmoja wa sokoni Arua alitukatia kipande chetu akakifunga kwa karatasi nzuri kuliko sabuni yenyewe: nene, yenye kung'aa, iliyochanwa kutoka gazeti la Wazungu ambalo sijui lilimfikiaje. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini sijawahi kuacha kusoma kitu kilichoandikwa, hata maneno ya kwenye gunia. Kwa hiyo nyumbani kwetu Awindiri niliikwangua sabuni iliyogandia karatasi, nikaianika karatasi juani, na ilipokauka nikaanza kumsomea mke wangu kwa Kiswahili.

Ilikuwa habari ya mtu na mkewe waliokwenda kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi kwa siku kumi. Waliamka walipotaka. Walikodi baiskeli wakakizunguka kisiwa. Walikula samaki, wakalala mchana, wakaenda kuangalia maji, wakarudi. Mwandishi alimshauri msomaji asipange kitu na asiharakishe. Juu palikuwa na picha ya hao wawili wamenyoosha miguu kwenye viti vya kitambaa, wamevaa kofia pana, bahari iko nyuma yao.

Mke wangu alikuwa anasuka kifuniko cha sinia ya chakula, kazi iliyotulisha kila nilipokuwa sipo. Aliuliza wale watu walikwenda kwa nani. Nikasema hawakwenda kwa mtu. Akauliza nani alikufa. Nikasema hakufa mtu. Akasuka duru moja nzima, kisha akasema basi watakuwa wamefukuzwa kwao na wanaona haya kuandika.

Halafu aliinamia picha akaweka kidole pembeni kabisa, pale karatasi ilipochanika. Palikuwa na mtu mweusi amesimama na sinia mkononi, nusu ya uso wake imebaki huko kwenye gazeti.

"Na huyu," aliuliza, "zamu yake ya kukaa ni lini?"

Nilitafuta katika maandishi. Hakutajwa.

Ikapita wiki. Siku moja, akipepeta mtama, akasema yeye anaitaka ile. Ipi? Ile ya kisiwani. Kisiwa chenyewe hakukitaka, alitaka siku zake. Katika miaka mitatu ya ndoa yetu nilikuwa nimemwacha mara nne kwa miezi: Juba na wafanyabiashara wa nguo, Gulu kwenye kiwanda cha pamba, Pakwach kwa wavuvi, na mara moja Masindi, sikumbuki kwa nini. Yeye alikuwa amesafiri mara tano, zote msibani.

"Siku saba tu," alisema. "Mimi na wewe, mahali pamoja, bila kazi na bila maiti."

Nilikubali haraka mno. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaahidiana na mwenzangu mmoja twende Kongo kutafuta dhahabu, mwezi ukiandama. Sikuwa nimemwambia mke wangu. Mara zile nne nilimwambia nikiwa nimeshavaa viatu, na mara ya nne aliapa kwamba nikiondoka tena, nitakaporudi sitamkuta. Si mtu wa kusema jambo mara mbili. Basi nikapanga hivi: nitampa siku saba za raha, na siku ya sita, ameshiba na amelala mchana, nitamwambia ya Kongo polepole. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Tulichagua Koboko kwa sababu kulikuwa na lori lililokwenda huko tupu kuchukua tumbaku. Koboko pia kulikuwa kwao. Shangazi yake aliyemlea aliishi pale. Kwenye gazeti wale wawili walilala hotelini. Koboko nyumba ya kulala wageni ilikuwepo, karibu na maegesho ya malori, lakini mke wangu alisema hawezi kulala chumba ambacho dirishani unauona moshi wa jiko la shangazi yake.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alifungua begi letu. Ndani palikuwa na nguo, kanga mbili, sabuni na karatasi yetu. Hapakuwa na sukari, wala kahawa, wala vitenge vya Kongo. Alilipindua begi akalitikisa. Akataka kujua tunakwenda Koboko kufanya nini. Nikasema kupumzika.

"Kupumzika nini? Wewe iko mgonjwa?"

"Hapana, afande."

"Mama iko mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi nani nakufa?"

Nikasema hakuna. Akamwita mwenzake aje aone. Magendo walikuwa wameyazoea, walijua yanafichwa wapi na yanagawanywa vipi. Mtu asiye na magendo hata kidogo ndiye aliyewatia wasiwasi. Tulikalishwa chini kwenye vumbi saa mbili nzima, mpaka dereva aliyekuwa na haraka yake akashuka akawanong'oneza kwamba tunakwenda kuzika, ila mimi nimechanganyikiwa na uchungu. Walitupa pole. Mmoja alinisaidia kupanda.

Shangazi alituona tunaingia uani, mimi na begi mbele, mke wangu nyuma. Hapo hapo alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni na akafungua kinywa kuanza kulia. Mke wangu alimkimbilia, akamshika mikono, akamwambia hakufa mtu. Kinywa kilibaki wazi kidogo, kisha kikafungwa, na macho yakahamia kwangu. Tangu hapo sikuonekana mgeni.

Kwa watu wa kwake, Wanubi wa mji ule, mwanamke haji nyumbani na begi bila msiba wala arusi ila kwa sababu moja tu: mumewe amemkosea. Na mume akija naye, maana yake amefanya kosa kubwa hata ameona haya kubaki nyuma. Mke wangu alieleza habari ya likizo. Shangazi alimsikiliza, akampapasa shavu, akamwambia asiogope, asimfichie mume kosa lake. Mke wangu akapewa kitanda cha shangazi. Mimi nikapelekwa kulala kwa baba yake mkubwa, nyua tatu kutoka pale. Hivyo ndivyo siku ya kwanza ya likizo yetu ilivyokwisha.

Siku ya pili niliazima baiskeli ya huyo baba mkubwa ili nimzungushe mke wangu kisiwa. Tuliruhusiwa kufika Midia, nje ya mji, penye kijito, mradi binamu yake, mjane wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, asimwache peke yake nami. Binamu hakuwa na baiskeli. Kwa hiyo mke wangu alikaa nyuma yangu kwenye keria, na mimi nikaendesha kwa mwendo wa binamu. Ushauri wa kutoharakisha tuliutimiza bila kukosa.

Kijito tulikiona. Tukakaa ukingoni kuangalia maji, kama ilivyoandikwa. Wanawake walikuwa wanaloweka mihogo upande wa chini, na walipotuona tumekaa kimya tunayakodolea macho, mazungumzo yao yakakatika. Mmoja akaja akijifuta mikono, akauliza kwa upole aliyezama ni mtoto wa nani. Baada yake akaja mzee mmoja na jembe begani, mkimbizi kutoka Sudani aliyekuwa akilima hapo. Yeye hakuuliza maiti. Alilitazama begi dogo la binamu lililokuwa na karanga, akauliza tumekimbia wapi. Nikamwambia hatukukimbia, tumekuja kwa siku saba tu. Akatikisa kichwa.

"Na sisi tulisema vile," alijibu. "Miaka kumi sasa."

Alitupa viazi vitamu vitatu akaenda zake.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, niliitwa. Mikeka ilikuwa imetandikwa uani kwa shangazi. Baba mkubwa alikaa katikati. Alikuwa askari mstaafu, mtu wa jeshi la Waingereza, na aliendesha kikao kama gwaride. Kando yake walikaa ndugu zake wawili ambao sikuwasikia wakisema neno. Shangazi alikaa upande wa pili, na mke wangu nyuma yake, amejifunika kanga hadi paji la uso.

Niliambiwa nitaje kosa langu. Nikasema sina. Nikaeleza ukurasa, kisiwa, viti vya kitambaa. Nikautoa ukurasa mfukoni. Ulizunguka mkono kwa mkono kama kielelezo mahakamani. Shangazi aliunusa, akasema una harufu ya sabuni. Baba mkubwa aliutazama kwa muda mrefu kuliko wote, akaukunja vizuri, akanirudishia.

"Mkwe, sisi hapana na haraka," alisema. "Leo tutakaa. Kesho tutakaa. Kesho kutwa pia iko siku."

Nilielewa kwamba siku zote zilizobaki zitapita kwenye mkeka ule. Nikaamua kuwapa kosa dogo, lolote, ili turudi kisiwani. Nikasema wakati mwingine ninapaza sauti. Baba mkubwa alipaza yake kusema hilo si kosa. Nikasema nilikuwa mchoyo wa sabuni. Shangazi akacheka, akataka kujua ni nani siku hizi si mchoyo wa sabuni. Nikasema niliwahi kusahau kumletea zawadi kutoka Masindi. Wale ndugu wawili wakainamisha vichwa, nadhani walikuwa wamewahi kusahau vingi.

Nilimtazama mke wangu anisaidie. Tulikuwa tunaipoteza likizo yake, si yangu. Alikuwa anaiangalia miguu yangu, si mimi. Nilikuwa nimevaa makubadhi yangu ya tairi, niliyoyashonesha upya wiki ile, soli mbili mbili.

"Waambie ile ya Kongo," alisema.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayekukumbusha chumvi iko rafu gani. Soli zilikuwa zimemwambia safari; nani alimwambia Kongo, mpaka leo sijui. Nilijaribu kujifanya sijui ni Kongo gani, na Kongo kutoka pale ilikuwa mwendo wa asubuhi moja. Mwisho nikasema yote: mwenzangu, dhahabu, mwezi ukiandama, na jinsi nilivyokusudia kumwambia siku ya sita. Hilo la siku ya sita ndilo lililowaudhi. Shangazi alilirudia mara tatu.

Baba mkubwa alionekana ameridhika sana. Aliuliza mke wangu anataka nini, kama anataka kurudi kwao moja kwa moja au la. Miaka yote ile nilidhani mwenye kuondoka ni mimi.

Mke wangu alifikiri. Alichukua muda wake, kwa hesabu yangu mrefu kuliko safari yote ya Masindi. Kisha akasema hataki talaka leo. Anataka siku zake zilizobaki. Na kama mume wake ataona lazima aende Kongo, basi aende naye, la sivyo aje kwanza hapa mkekani kumwacha mbele ya wazee, amevua viatu.

Hukumu ilikuwa fupi. Mimi nikapangiwa kupalilia shamba la ufuta la baba mkubwa kule Midia mpaka siku ya kurudi. Mke wangu, kwa kuwa amekosewa, asiguse chungu, asiguse ufagio, asiguse ukili.

Hivyo akapata likizo yake. Alilala mchana. Walimpaka mafuta ya ufuta nywelani, wakamfukizia udi, wakamletea samaki wa kukaanga na maandazi, na kila jirani aliyekuja kumpa pole alikuja na kitu mkononi. Mimi nilipalilia. Mgongo wangu, ambao haukuwahi kukaa na jembe siku kadhaa mfululizo tangu utoto kwa babu kule Manibe, ulinikumbusha kwa nini nilianza kutangatanga.

Siku ya mwisho alikuja shambani na binamu kutembea. Walitandika kanga kivulini. Akanyoosha miguu. Alinitazama nikifika mwisho wa mstari na kurudi, akauliza ndege yule anaitwaje, na mlima ule ni wa nani, na kama huu ndio ufuta wenyewe. Aliniomba maji. Niliyaleta kwa bakuli juu ya ungo, kwa kuwa mikono ilikuwa na udongo, na nilipokuwa nimesimama pembeni nikisubiri amalize, wote wawili tulikumbuka picha kwa wakati mmoja. Aliangalia upande mwingine. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi kile kile, askari mwingine aliuliza tumetoka wapi na nani amekufa. Mke wangu alinitangulia.

"Hakufa mtu. Huyu alinikosea, ndugu zangu wakamwadhibu."

Askari alinitazama mikono, akaona malengelenge, akatikisa kichwa kwa kuelewa. Begi hakulifungua. Tulipokaa tena garini mke wangu aliniambia mwakani, wakati wa palizi, nimkosee tena.

Mwenzangu alikwenda Kongo bila mimi. Alirudi baada ya mwaka na redio isiyo na betri. Mimi nilibaki, na soli zile mbili mbili nilizimaliza kati ya Awindiri na sokoni, nikiuza vifuniko vya mke wangu. Sisemi nilitulia. Niliuliza kila dereva ametoka wapi na huko kuna nini. Lakini kila nilipowaza barabara, niliuona mkeka.

Kongo nilikuja kwenda mwaka wa sabini na tisa, vita vilipofika kwetu. Nilikwenda naye, kama alivyotaka, na mji mzima ukiwa mbele na nyuma yetu, na godoro, na kuku, na begi lile lile. Mpakani alikaa karani wa Kikongo na daftari, na kila aliyefika meza yake alimuuliza swali moja.

"Mutabakia huku siku ngapi?"

Mke wangu aliweka begi chini, akanyoosha mgongo.

"Saba," alisema.