Mzimu wa Ihembe uliokuwa unakaribisha wageni kwa kahawa

Wakuu, mwenye haraka apite. Haya niliyaona kwa macho yangu, na wa kunishuhudia wote wameshatangulia, kwa hiyo mtaniamini mimi tu.

Juzi wajukuu wamenikalisha kwenye runinga, series ya watoto wanaosaka mzimu kwenye jumba bovu. Kelele mwanzo mwisho. Mwishoni wanamkamata "mzimu", wanamvua barakoa, wanapiga makofi. Nikasema huu upuuzi. Wakanijibu bibi hujui mystery.

Mimi? Sijui?

Haya. Kijijini kwetu Ihembe, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Katikati ya migomba yetu kulikuwa na msonge wa marehemu babu, umefungwa. Siku hizo ukaanza kufuka moshi. Bibi yetu, mama yake baba, akatangaza ni mzimu wa babu, watoto tusisogee. Mwenyewe kila siku anapeleka ndizi kule, eti za marehemu. Marehemu gani anamaliza mkungu, jamani?

Na wakati huohuo shangazi yetu, dada yake baba, alikuwa ametoroka kwa mumewe huko Kyerwa kwa sababu ya kipigo. Baba alishawaapia wakwe: akionekana tu, anarudishwa. Tulimlilia sana, tukijua kaliwa na fisi.

Mchana mmoja mimi na dada tukaenda kumchungulia mzimu. Kwa wasiojua: huku kwetu mgeni akifika anapewa kwanza kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa zikakaushwa. Tulipofika mlangoni tukapiga hodi. Mnacheka nini? Nyie mnaingia kwa watu bila hodi?

Mlango ukafunguka kidogo. Ukatoka mkono, kahawa kiganjani.

Kifundo kilikuwa kimevunjwa, kikaunga kimepinda. Lakini bangili tuliijua. Ni shangazi.

Sasa niambieni. Mtu umejificha kwa kuokoa roho yako, halafu unakaribisha wageni! Nilimkasirikia, na hasira haijaisha mpaka leo. Akatuomba tusiseme. Hatukusema.

Ila moshi hauna adabu. Majirani wakamchosha baba kwa maneno, mwisho akaja na shoka avunje mlango. Watu wakabaki mbali kwenye migomba wakiogopa. Mimi na dada tulikuwa nyuma yake. Nikajua shangazi kwisha, leo anarudi kupigwa.

Baba naye si kalelewa na bibi yuleyule? Akaanza kwa hodi.

Mkono ukatoka. Na kahawa.

Baba akautazama ule mkono, akakitazama kile kifundo kilichopinda. Wakwe walikuwa wamemwambia dada yake ni mkaidi tu, basi. Akalaza shoka chini. Akazichukua buni, akatia mdomoni, akatafuna taratibu. Halafu akawageukia watu.

"Ni mzimu wa baba. Umenipokea. Asiuguse mtu."

Wakwe nao walipokuja waliambiwa hivyohivyo, hawakurudi tena. Shangazi kazeekea mle. Na kila Jumapili baba akitoka kanisani alipita pale, akapiga hodi, akatafuna kahawa.

Nimemaliza kusimulia, mjukuu ananiuliza, "Sasa bibi, mzimu walimkamata lini?" Nikazima runinga.

Nilichojifunza mimi: mzimu mwingine unaachwa ulale salama. Kwenu je, ile nyumba mliyokatazwa kuisogelea, ndani alikuwa nani? Andikeni, nasoma. Ila wa "bibi fupisha" wakae mbali nami.