Gia za Manono kwenye Mteremko wa Kirungu

Mume wangu alipenda matairi makubwa kama wengine wanavyopenda kofia. Miaka ile ya Zaire, barabara ya kutoka Kalemie kwenda Moba ilikuwa imekufa kabisa, na jeep yetu ya kubebea maharagwe ilikwama kila safari, tumbo likiwa chini. Akapata matairi manne ya lori, akayavalisha, akalizunguka gari huku akicheka peke yake. Nami nilicheka, mpaka tulipofika kilima cha kwanza.

Kwa matairi yale gari lilikuwa limepoteza nguvu. Kupanda hakukunitisha sana, kwa kuwa gari likishindwa kupanda linasimama. Nilichoogopa ni kushuka. Zamani ukiweka gia ya kwanza, injini yenyewe ililizuia gari. Sasa matairi yale yalilisukuma mbele, na kazi yote ikabaki kwa breki. Kutoka Kirungu, kule juu milimani, hadi bandari ya Moba, nilinusa breki zikiungua, na magunia yametulemea mgongoni. Nilishika mlango hadi vidole vikafa ganzi. Tuliporudi nyumbani nilimwambia kwamba sipandi tena mpaka gia za ekseli, zile zinazozungusha magurudumu, zibadilishwe. Watoto wetu walihitaji baba na mama, matairi makubwa hawakuyaomba.

Tukaenda kwa fundi mmoja mzee karibu na stesheni ya Kalemie. Alikuwa na gia za aina mbili. Za kwanza zilitosha ekseli zote mbili, ya mbele na ya nyuma, lakini hazikupishana sana na zile tulizokuwa nazo. Za pili zilitoka kwenye gari la mgodi wa Manono, fupi, za polepole, zenye nguvu. Kasoro yake ni kwamba ilikuwapo seti moja tu, ya ekseli moja.

Wanaume wale wawili walizungumza juu ya kupanda asubuhi nzima, kana kwamba milima ina upande mmoja. Mwishowe nikaingilia.

"Na wakati wa kushuka, Papa? Gani njo itashika gari?"

"Ya Manono, Mama," fundi akasema. "Lakini iko moya tu. Nitaiweka nyuma, na shafti ya mbele nitaitosha. Mbele na nyuma hazitasikilizana."

Akatueleza taratibu kwa nini ni lazima aiondoe shafti hiyo, inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele. Magurudumu ya mbele yangetaka kukimbia na ya nyuma yangetaka kutembea. Ukiyaunganisha kwa kile kijiti kilicho kando ya dereva, kwenye barabara ngumu, yanapigana mpaka kitu kinavunjika au gari linakataa kukata kona.

"Shafti uiache," mume wangu akasema. "Mu potopoto ya mvua magurudumu inatelezaka, haiwezi kuvunja kitu. Mu barabara kavu sitagusa ile kijiti."

"Siku moya utasahau, Papa."

"Mimi si mutoto. Mukono yangu inanisikiaka."

Fundi alinitazama mimi. Nilijua alitaka niseme neno, lakini nilikuwa nimekwisha kupata gia nilizozitaka, nikanyamaza.

Gia zikafungwa, shafti ikabaki. Safari ya kwenda ilikuwa nzuri hata nikaimba. Tulipakia maharagwe Kirungu, tukafika pale mteremko unapoanzia. Hapo kila dereva tuliyemjua alisimama, akafanya ishara ya msalaba, halafu mkono uleule ukashuka moja kwa moja kwenye kijiti cha kuunganisha magurudumu ya mbele. Mume wangu alikuwa amefanya hivyo miaka yote, na siku hiyo mkono wake ulifanya vilevile. Barabara ilikuwa kavu. Nami nilikuwa nimefumba macho, nasali.

Kwenye kona ya kwanza usukani ulikaza. Gari liliruka, likateleza upande, likasimama huku gurudumu la mbele la upande wangu limefika ukingoni. Chini yake niliona vilele vya miti.

Alivuta kijiti, hakikutoka. Gia zilikuwa zimekabana. Breki ya mkono ilikuwa pambo tu, kwa hiyo hakuweza kuondoa mguu wake kwenye breki.

"Pita juu yangu," akasema. "Tosha jeki."

Nilipita juu ya mapaja yake, nikatoka, nikachukua jeki. Niliweka mawe mbele ya magurudumu, nikainua lile la mbele la upande wake mpaka likaacha ardhi. Sasa ilibidi aachie breki kidogo ili gurudumu lile lizunguke na gia ziachane. Mawe yasiposhika, yeye angekwenda na gari.

"Simama mbali," akasema.

Nilisogea. Hakuinua mguu.

"Mbali zaidi, Mama. Karibu ya ule mulima. Watoto wabaki na wewe."

Nilikwenda nikaegemea ukuta wa mlima. Akaachia. Gurudumu lilijizungusha kwa kishindo, nikapiga kelele nikidhani gari limeondoka. Mawe yalishika. Kijiti kikatoka.

Nikashusha jeki, naye akarudi nyuma taratibu mpaka katikati ya barabara. Hakuniruhusu kupanda. Alisema nishuke kwa miguu nyuma yake, na mara hii sikubishana naye. Gia za Manono zililishika gari vizuri; taa za breki hazikuwaka hata mara moja. Hilo halikunituliza. Kila kona iliponifichia gari nilisikiliza injini, nikijiambia kwamba maadamu inanguruma, mume ninaye.

Karibu na chini injini ilinyamaza. Nilikimbia, viatu nikaviacha njiani, nikiwaza nitawaambiaje watoto. Nilipopita kona nilikuta gari limezimwa katikati ya barabara, penye tambarare, naye anapanda mlima mbio kuja kwangu, kwa sababu na yeye alikuwa ametazama nyuma asinione.