Miguu Iliyokomaa ya Zuleica

Zuleica alikuwa na miguu yenye sifa. Katika kitongoji chao cha ufukweni, upande wa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, unaoelekea Namoto, wanawake walipojikusanya kushuka mwambani kuchokoa pweza, wasichana walimtazama yeye kwanza. Wao walivaa malapa, wakasitasita, wakashikana mikono penye mawe makali. Yeye alikwenda peku, kijiti chake chenye ncha ya chuma begani, kama mtu anayekanyaga jamvi la nyumbani kwake. Akiulizwa kama haumii, alijibu, "Miguu hii imekomaa. Mwamba umeichoka."

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Mama yake aliyasema, na bibi yake pia. Kwao, mwanamke aliyechokoa pweza miaka mingi alifika mahali miguu ikaacha kulalamika, na kufika hapo kulihesabiwa kuwa ni kufuzu. Kwa hiyo nyayo zake zilipoanza kufa ganzi, kwanza vidole, kisha visigino, Zuleica hakushtuka. Alifurahi kimoyomoyo. Zikimwaka moto wakati wa kulala, alizikanda kwa mchanga wa moto uliofungwa kitambaani, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Alijua kwamba ana kisukari. Aliambiwa ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania, wakati walipokimbilia huko kwa sababu ya vita, na waliporudi aliendelea kuchukua vidonge katika kituo cha afya, siku ambazo vilikuwepo. Lakini kisukari, kwa alivyokielewa, kilikuwa ugonjwa wa kiu na wa mkojo. Hakuna aliyemwambia kwamba kina habari na miguu.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, kilikuja kikundi cha watafiti kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa, kikitafuta watu wenye kisukari ili kipime miguu yao. Aliyefika kwa Zuleica alikuwa muuguzi, mwanamke wa Kimakonde kutoka Mueda, jina lake Benvinda. Alikaa barazani bila kungoja kutandikiwa, akatoa mfukoni kijipini chenye kipande kifupi cha uzi mgumu, unaong'aa.

Sufo, mume wa Zuleica, mkwezi wa minazi, alisogea kuutazama, akamwita mgeni kwa neno la heshima la Kireno.

"Dona, huu si mshipi wa kuvulia?"

"Ni ndugu yake," alisema Benvinda. "Huu umepimwa. Nikiugandamiza mpaka ukapinda, mguu wenye afya unapaswa kusikia. Mama, funga macho. Kila nikikugusa, sema."

Zuleica alifumba macho. Hakusikia kitu, lakini aliona aibu kukaa kimya mbele ya mgeni, tena kuhusu miguu yake, miguu ile. Akakisia.

"Nasikia," alisema. Baada ya kitambo, "Nasikia." Kisha tena, "Hapo nasikia."

Sufo akakohoa. "Mama Jafar, dona ameweka mikono mapajani. Anakutazama tu."

Zuleica alifumbua macho. Benvinda hakucheka. Aliuinua mguu wa kushoto akaugeuzia mwanga, na hapo wote watatu wakaona: chini ya kidole gumba palikuwa na tundu, kingo zake ngumu kama gamba, na ndani yake ncha nyeusi ya mwiba wa baharini.

"Huu umekaa humu siku nyingi," alisema Benvinda. "Ulipoingia haukukuuma?"

"Haukuniuma."

"Basi hiyo ndiyo shida yenyewe. Mguu wako haukukomaa, mama. Sukari imeua mishipa yake ya fahamu. Mwamba unakukata na wewe huna habari. Na huo mchanga uliofungwa kitambaani hapo kando, ukijikandia moto ukakuunguza, hutajua vilevile."

Zuleica alimfikiria mama yake. Kwake pia kulianza na tundu dogo, na ukoo mzima ukaja kusaidia. Huyu alileta majani ya kusaga, yule asali, mwingine jivu, mwingine kombe, maji ya aya za Kurani, anywe. Vidonge vilinywewa juu ya vyote hivyo, na sindano zikachomwa hospitalini Palma. Mguu ulikatwa juu ya goti, naye akafa kabla ya mshono kufunga. Baada ya matanga kila mtu alisema kwamba dawa ya mwenzake ndiyo iliyoua. Mpaka leo hakuna aliyejua kipi kilimsaidia na kipi kilimdhuru.

"Nitakatwa?" aliuliza.

"Ukirudi mwambani na kidonda hiki, ndiyo. Ukikitunza, kinaweza kupona."

Benvinda alimweleza utafiti wao. Walikuwa wakilinganisha njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya kawaida: kusafisha kidonda, kukifunga kisilowe wakati wa kuoga, kunywa vidonge vya sukari bila kuruka, na kuupumzisha mguu usikanyage chini. Ya pili ilikuwa hiyohiyo, ikiongezwa marhamu mpya ya kupaka.

"Ipi bora?" aliuliza Sufo.

"Hatujui, baba. Tungejua tusingekuja kuisumbua miguu ya watu. Nani apate ipi hatuchagui sisi, wala ninyi. Ni kura. Na mama akikataa kuingia, atatibiwa vilevile."

Zuleica aliutazama mguu wake kama kitu alichoazimwa.

"Nitaingia," alisema. "Mguu wangu nautaka. Lakini pia nataka ijulikane ni nini kilichouponya. Ya mama yangu haikujulikana."

Kura ilimwangukia kwenye njia ya kawaida. Marhamu alipewa wifi yake, Alima, dada wa Sufo, aliyekuwa na kidonda kisiginoni na ulimi usiopumzika.

Basi Zuleica akakaa. Mguu aliupandisha juu ya kinu kilicholazwa chini, akawa anasuka makuti ambayo Sufo alimletea. Bamvua la mwezi mpya likaja, maji yakatoka mbali, akasikia wenzake wakiitana njiani. Kwao kulikuwa na desturi: mwanamke akizuiwa na uzazi, ugonjwa au eda asishuke mwambani, kila aliyepata pweza alimkatia mkono mmoja na kumpelekea. Mkono huo haukataliwi. Kuukataa ni kumwambia mwenzako kwamba humhitaji tena, na kwamba zamu yako ikifika naye asikutegemee.

Alima alikuja na mkono wa pweza kwenye bakuli, zawadi aliyopewa yeye, akaugawa tena. Chini ya kifuniko kulikuwa na kikopo cha poda cha zamani, na ndani yake nusu ya marhamu.

"Chukua, wifi. Paka kabla hajaja yule dona wako."

"Pweza nachukua," alisema Zuleica. "Hiki rudi nacho."

Alima alicheka, akidhani ni mzaha. "Unanitania. Dawa gani ya kunyimana ndugu? Mimi nipone nikuchungulie wewe ukichechemea?"

"Ulipewa wewe, wifi. Mimi nimepewa yangu."

"Yako ipi? Kitambaa na maneno?"

"Hiyohiyo. Nikipaka yako nikapona, wataandika kwamba nimepona kwa kitambaa. Watoto wetu wataugua haya, na watatibiwa kwa uongo wetu."

"Watoto wetu." Alima aliinuka, akakung'uta kanga yake. "Mguu ukikatwa, Zuleica, usinitume nikakuchotee maji." Kikopo alikichukua, na bakuli pia, pamoja na mkono wa pweza.

Sufo aliporudi kutoka minazini na kusikia habari, hakumgombeza. Alisema tu, "Dada yangu hujamkatalia dawa. Umemkatalia undugu."

"Najua," alisema Zuleica. "Atarudi. Mguu haurudi."

Lakini kidonda hakikumsaidia kutetea neno lake. Badala ya kufunga, kilipanuka. Ngozi pembeni ikawa nyeupe na laini, ikaanza kunuka, harufu ile ya chumba cha mama yake. Wanawake waliopita kumjulia hali walizungumza mambo ya shamba, wakaangalia pembeni. Alima hakupita. Habari zilikuja zenyewe kwamba kidonda chake kinapungua, na Sufo akaanza kuzunguka zunguka kama mtu mwenye neno mdomoni.

"Naweza kwenda kwa dada," alisema mwishowe. "Niombe mimi. Wewe huombi kitu."

"Ukikileta hicho kikopo nitakizika," alisema Zuleica. "Dona anakuja kesho. Kama njia hii imenishinda, anieleze yeye, na nitoke mbele yake. Sitoki kwa mlango wa uani."

Benvinda alikuja, akafungua kitambaa. Alikiminya kwa vidole. Tone la maji lilidondoka sakafuni.

"Mama, umeoga mguu huu?"

"Sijauoga tangu uliponikataza. Naoga nimeutoa nje ya beseni, muulize mume wangu."

"Umeukanyagia wapi? Kisimani?"

"Sijafika kisimani. Hata kusali nasali nimekaa."

"Sasa maji haya yametoka wapi?"

Zuleica alimshangaa. "Hayo? Hayo ni ya udhu."

Benvinda aliuliza polepole, "Mara ngapi kwa siku?"

"Dona, tunasali mara tano." Kisha akaendelea, kwa sauti iliyoanza kupungua, "Siufungui. Namimina juu ya kitambaa kidogo tu, mpaka yapenye. Uliniambia nisiuloweshe, na mimi sikuulowesha. Maji ya udhu si ya kulowesha. Ni ya kutakasa."

Benvinda alikaa chini kabisa, mgongo ukutani. "Kanisani kwetu hakuna kuosha miguu kabla ya sala," alisema. "Nimepita nyumba zote hizi na sikufikiria kuuliza. Nilisema 'kuoga', nikaona nimemaliza."

"Na mimi nilisikia 'kuoga', nikaona nimemaliza," alisema Zuleica.

Siku ya pili walimpeleka Palma kupigwa picha ya mfupa. Daktari aliiinua picha dirishani, akasema mfupa bado haujaguswa, lakini maji hayo yakiendelea atamwona tena kwa shughuli nyingine. Zuleica alimwomba arudie maneno "haujaguswa". Akayarudia.

Jioni alimtuma Sufo amwite Abdurremane, mwalimu wa chuo cha Kurani cha watoto, binamu wa Sufo. Abdurremane aliusikiliza mkasa wote mkono ukiwa kidevuni.

"Shemeji, na mimi nipo hapa jirani siku zote hizo," alisema. "Kulikuwa na nini cha kukuzuia kuniuliza?"

"Sikujua kama ni swali."

"Jeraha likifungwa, unapitisha mkono wenye unyevu juu ya kitambaa, basi, huna haja ya kumimina. Na hata huo unyevu ukidhuru, kuna kutayamamu kwa udongo safi. Hili nawafundisha watoto wenye majipu."

"Basi niweke pamoja na wenye majipu," alisema Zuleica, na kwa mara ya kwanza tangu bamvua akacheka.

Hakuishia hapo. Alimwambia Benvinda apite na Abdurremane katika nyumba zote za Waislamu walioingia kwenye utafiti, wenye marhamu na wasio nayo, mwalimu aeleze jambo hilo kwa lugha ya dini. Mlango wa Alima nao ulifikiwa. Alima, ilijulikana baadaye, alikuwa akikiosha kisigino chake vilevile, kisha akipaka marhamu juu ya unyevu. Kwamba kidonda kilikuwa kinapungua ni maneno aliyoyatangaza yeye mwenyewe, kwa hasira.

Kuanzia hapo Zuleica alikaa kwa ukaidi ambao hata Sufo aliuogopa. Mchanga wa moto aliumwaga. Chai alikunywa bila sukari, akikunja uso. Kila asubuhi aliutazama unyayo wake kwenye kipande cha kioo, akitafuta kwa macho kile ambacho mguu haukuweza tena kumwambia. Bamvua likaja na kupita, na jingine. Kidonda kilianza kukauka pembeni, kikapanda kutoka chini, kikabaki kama jicho la sindano, na siku moja Benvinda alikifungua kitambaa, akakikunja, asikirudishe.

"Na ile marhamu?" aliuliza Zuleica. "Inafanya kazi?"

"Bado hatujui. Vijiji vingine havijamaliza. Ikijulikana nitakuja kukwambia mwenyewe."

"Njoo hata kama haifanyi kazi."

"Hasa kama haifanyi kazi."

Mwamba aliurudia kwenye bamvua lililofuata, amevaa viatu vya mpira vilivyofunika vidole, vigumu chini, ambavyo Sufo alivitafuta mpaka Palma. Ganzi haikuondoka na Benvinda hakumficha kwamba huenda isiondoke. Wasichana walimwona kwa mbali wakashikana kwa kicheko.

"Bibi Zuleica, unakwenda kwa gavana?" mmoja alimwuliza. "Na ile miguu iliyokomaa umeiacha wapi?"

"Haikukomaa. Ilikuwa imekufa, na mimi nikiringa nayo." Aliketi juu ya jiwe, akatoa kwenye pindo la kanga kijipini chenye uzi, alichopewa na Benvinda. "Kaeni chini mmoja mmoja, mfumbe macho. Na atakayesema anasikia kabla sijamgusa, leo hashuki."

Walilalamika kwamba maji yatawahi kurudi. Walikaa.

Alipata pweza mmoja tu, maana kwa viatu mwendo ulikuwa mwingine na ilibidi ajifunze upya. Alipofika nchi kavu alikata mkono mnene kuliko yote, akauweka bakulini, akaenda nao mwenyewe mpaka kwa Alima, ambaye alikuwa amekaa kibarazani, kisigino juu ya kinu, bendeji kavu.

Alima alilitazama bakuli. Alivitazama viatu. Alimwacha Zuleica amelinyoosha bakuli kwa kitambo.

"Mkono huu," alisema mwishowe, "ni wa utafiti, au naruhusiwa kula?"

"Kula, wifi. Huu haupigiwi kura."

Alima alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akasogea kumpa nafasi mkekani.