Risasi Jikoni kwa Verna

Verna Tolleson alikuwa mpishi wa shule katika mji wetu mdogo kando ya Mto Salmon, huko Idaho, na jiko lake la nyumbani hakuwahi kulimiliki. Lilikuwa la mumewe, Orville.

Kila baridi ilipoingia, Orville alihamishia sufuria yake ya umeme ya kuyeyushia madini ya risasi kwenye meza ya kulia, atengeneze risasi za bunduki yake. Aliokota vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu ya magari kwenye gereji, akaviyeyusha, akakwangua uchafu wa kijivu uliokuwa ukielea juu, kisha akamimina kwenye kalibu. Vichwa vya risasi vilivyotoka humo alivipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, akaviweka kwenye maganda yaliyokwisha kutiwa baruti. Nta aliiyeyushia kwenye bati la Verna la kuokea mikate. Mimi nilikuwa jirani yao, na harufu ile ilinifikia hadi uani kwangu.

"Orville, toa uchafu wako nje," Verna alimwambia kila mwaka.

"Bandani nitaganda, mama. Unataka ujane?"

"Kwa leo, ndiyo."

Orville alikuwa akicheka tu.

Binti yao Janelle alipopata kazi kwenye kiwanda cha mbao, akawa anawaachia mwanawe, Tessa, mtoto wa kutambaa na kusimama. Tessa aliokota matone ya risasi yanayong'aa chini ya meza na kuyatia mdomoni. Verna alikuwa akimnyang'anya, anafagia, na kesho yake vumbi liko palepale. Mtoto akaanza kukataa chakula, tumbo likimsokota, na maneno machache aliyokuwa ameanza kuyasema yakapotea. Zahanati wakampima damu. Muuguzi akarudi na swali moja: "Kuna mtu anayeyeyusha risasi nyumbani kwenu?"

 Verna alimwacha mtoto mikononi mwa Janelle, akaendesha gari hadi nyumbani.

Orville alikuwa jikoni na rafiki yake Merle Hatch, wakijiandaa kwa msimu wa kuwinda paa. Verna akachomoa waya wa sufuria ukutani.

"Damu ya Tessa ina sumu ya risasi," alisema.

Orville akaweka upawa chini. "Nani kasema? Wale vijana wa zahanati? Baba yangu alisubu risasi jikoni kwa mama yangu, na mimi nimekua."

"Umekua? Mikono inakutetemeka, tumbo linakuuma, kitu cha jana hukikumbuki. Huko ndiko kukua?"

Merle akacheka puani. Verna akamgeukia. "Na wewe ondoka kwangu kabla sijakumwagia hiyo sufuria!"

Merle akachukua kofia yake. Verna akaichukua kalibu mezani.

"Hiyo ya baba, Verna. Ya baba!"

"Na Tessa ni wa nani?"

Akaipeleka kwenye ngazi za nje, akaigonga kwa nyundo mpaka bawaba ikavunjika na pande zake mbili hazikukutana tena. Orville alisimama mlangoni akilia kwa hasira. Nilimsikia akimwita mkewe jina ambalo sitaliandika. Verna akaendelea kugonga.

Orville hakukubali kupimwa hadi Janelle alipomwambia hatamwona mjukuu. Damu yake ilikutwa mbaya kuliko ya mtoto. Akang'oa mwenyewe sakafu ya jikoni iliyojaa vumbi la risasi, akahamia bandani na kalibu mpya, milango wazi, akivua viatu na kunawa kabla ya kuingia ndani. Tessa alipata nafuu polepole. Kusema kulichelewa sana. Mwaka ule Orville aliua paa, Verna akakataa kumpika mnyama huyo, na kitandani hawakurudi pamoja.

Watu walimwambia Verna yamekwisha, asamehe. Maneno hayo yalimchoma zaidi. Akaanza kwenda kwa kila mwanachama wa klabu ya Orville ya kulenga shabaha mwenye mtoto nyumbani, akiwataka wahamishe sufuria zao nje. Wengine walimfungia mlango usoni.

Merle alipopata mjukuu, Verna alipita kwenye theluji hadi kizingitini pake.

"Sufuria iko wapi, Merle?"

"Hii nyumba si yako, mwanamke we!"

"Najua. Iko wapi?"

Ndani kichanga alikuwa analia. Mke wa Merle akatokea nyuma yake, akasema, "Iko mezani, Verna. Ingia uione."

Merle akaibeba mwenyewe hadi bandani kwake, akimtukana Verna njia nzima. Verna alimfuata nyuma, akimrudishia kila tusi, mpaka alipoona mlango wa banda umefungwa, sufuria ikiwa ndani.