Mpopla wa Arkadi

Taisia Gavrilovna na mumewe Arkadi walihamia jengo la ghorofa katika mji wa Omsk wakiwa maarusi wapya, wakati ua wake ulipokuwa bado tope tupu. Siku ya usafi wa wote, Arkadi alichomeka kijiti cha mti wa mpopla chini ya dirisha lao, na madereva wenzake wa tramu wakamcheka.

"We Arkadi, umepanda ufagio?"

"Chekeni tu. Mkija kuomba kivuli nitawafukuza."

Mti ukashika, ukapanda, ukapita dirisha lao la ghorofa ya tatu. Hawakujaliwa watoto. Wakazeeka wawili, chumba chao kikiwa na mwanga wa kijani majira yote ya joto.

Kisha akili ya Arkadi ikaanza kumtoka. Alisahau majina ya majirani, akasahau njia ya dukani, na mwisho akamsahau Taisia. Alimwita "mama", kwa adabu, kama mtu anavyomwita mhudumu wa hospitali. Taisia alilia jikoni, akanawa uso, akaendelea kumlisha. Kilichomtuliza mzee ni kiti chake cha dirishani. Alikuwa akikaa pale tangu chai ya asubuhi, akitazama majani, bila kumsumbua mtu.

Tatizo lilikuwa nondo. Viwavi wao waliishi ndani kabisa ya majani ya mipopla, wakila nyama ya jani na kuacha ngozi, mpaka mti mzima ukawa na mabaka meupe kama umemwagiwa maji ya moto. Ilipofika Julai walitoka wakiwa na mabawa, wadogo kuliko punje ya mchele, wakafuata taa za watu. Mwaka ule walizidi, wakamkosesha Arkadi usingizi. Ukipangusa meza, kitambaa kilijaa vumbi la mabawa. Supu ya kabichi haikuliwa bila kuwaopoa kwanza.

"Mama, theluji inaingia!" Arkadi alipiga kelele jioni moja. "Funga dirisha, tutaganda!"

"Ni wadudu, mpenzi wangu. Ni Julai hii."

"Wananiingia mdomoni!"

Akainuka akiwapiga kwa mikono miwili, akajikwaa kwenye stuli, akaangukia ukingo wa meza. Damu ilimtiririka toka kwenye nyusi. Taisia alimfunga kitambaa, na kulipokucha akaenda ofisi ya majengo, akagombana nao mpaka wakakubali kuukata mpopla.

Rimma, jirani wa mlango wa pili aliyezoea kumwita Taya kwa kifupi, alimkuta ngazini.

"Taya, fikiri vizuri. Mti ule ni wa mzee wako."

"Mzee wangu anakula nondo, Rimma! Nifikiri nini tena?"

"Basi mlete kwangu siku hiyo. Nitampikia chapati za maji. Asisikie misumeno."

Ndivyo walivyofanya. Arkadi alikula chapati kwa malai jikoni kwa Rimma, akamsifu mpishi, akarudishwa mchana. Taisia alifungua mlango akitabasamu. Chumba kilikuwa cheupe kwa jua. Kila ufa wa ukuta ulionekana. Arkadi alisimama kizingitini, akavua kofia.

"Samahani, mama. Tumekosea nyumba."

"Hujakosea. Ingia, kiti chako kile pale."

"Hapa si kwetu. Kwetu kuna mti dirishani." Akashusha sauti. "Nisaidie nifike. Mke wangu atakuwa na wasiwasi."

Taisia alishika fremu ya mlango. "Mkeo anaitwa nani?"

"Taya," alisema, na uso wake ukang'aa. "Ana mdomo huyo, usiombe! Lakini moyo wake... wee acha tu."

Tangu siku hiyo alidai kurudi kwao. Taisia alimvika koti, akamzungusha jengo zima, akamwingiza tena kwa mlango uleule. Aliziba dirisha kwa pazia zito, Arkadi alilifunua. Alimwambia, "Mimi ndiye Taya." Mzee alimtazama kwa huruma, akampigapiga mkono kama anayembembeleza mgonjwa.

Majira ya baridi yalipoingia, alikataa kula. Homa ya mapafu ikamchukua hospitalini, Taisia akiwa amemshika vidole.

"Asante, mama," alimwambia mara ya mwisho. "Umehangaika sana na mimi. Nenda kwako ukapumzike."

Baada ya mazishi, majirani walikula, wakamkumbuka marehemu, wakatawanyika. Rimma alibaki kuosha vyombo. Taisia alikaa mezani, na kitambaa chake cheusi kichwani.

"Nilitaka tu alale vizuri, Rimma," alisema. "Basi. Sikutaka kingine."

Rimma alifunga bomba, akakausha mikono, akaja kukaa karibu naye.