Dume la harusi lilikata kamba Mtongwe, na watu nisiowajua wakawazingira watoto wangu wa chekechea

Wakuu, habari za mlipo. Leo nimejaa furaha nikaona nisiile peke yangu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na najua kuna waliokuwepo siku ile wanaosoma humu. Nikitia chumvi, wanisute.

Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Likoni, upande wa Mtongwe. Kwetu ni Kakamega ila nina miaka kadhaa pwani. Wenyeji bado wanakicheka Kiswahili changu, lakini watoto wao wananiita Mwalimu Rose na nimeridhika.

Shule yetu ni ndogo, haina uwanja. Siku ya michezo tunawapeleka watoto kwenye uwanja wa mtaa, na lazima tufuate barabara. Wanakwenda kwa mstari, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake. Mimi mbele, msaidizi wangu Mwanajuma nyuma.

Kama hujawahi kutembea barabarani na watoto zaidi ya ishirini wa miaka mitatu hadi mitano, ni kama kuchunga vifaranga. Huyu ameona kipepeo. Huyu anataka kukojoa. Huyu anauliza mama atakuja saa ngapi kumchukua, na ndiyo kwanza mmetoka getini.

Basi asubuhi hiyo tulipokaribia stegi ya tuktuk, pale zinapongoja abiria, nikasikia makelele nyuma ya nyumba.

"Shika! Shikaaa! Kamba imekatika!"

Mimi nilidaka ile "shika" tu, nikadhani ni mwizi.

Likatokea dume la ng'ombe. Jeusi, pembe ndefu, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Baadaye ndiyo nikaambiwa lilinunuliwa kwa ajili ya harusi ya pale mtaani. Nadhani habari ya biriani ilikuwa imelifikia.

Lilisimama katikati ya barabara likatazama huku na huku. Watu wakaanza kukimbia, na mbio zao zikalitia wazimu. Likaangusha meza ya muuza machungwa, halafu likageuka upande wetu.

Wakuu, niliganda. Nina mikono miwili tu. Nyuma yetu ukuta mrefu wa nyumba ya watu, mbele yetu barabara. Nikiwaambia wakimbie watatawanyika, na nitamfuata yupi nimwache yupi?

"Mwalimu! Usiwakimbize! Wakusanye hapo hapo ukutani!"

Alikuwa dereva wa tuktuk, mtu wa makamo mwenye kofia nyeupe. Sikumjua. Aliileta tuktuk yake mbio akaisimamisha ubavu mbele yetu, nusura anikanyage vidole, huku akiwaita wenzake.

"Leteni! Zungusheni! Yuwaja huyo!"

Sijui walielewana vipi haraka vile. Ikaja tuktuk ya pili, ya tatu, ya nne. Moja ilikuwa bado na abiria, mama mmoja na kuku wake, analalamika, "Mimi nashukia wapi sasa, wallahi?" Zikajipanga pua kwa mkia mpaka zikagusa ukuta huku na huku, watoto wakawa ndani kama wako bomani.

Penye mwanya wakasimama watu. Akina mama wa buibui, vijana, hata yule mama wa kuku alishuka akaziba pengo lake. Hakuna aliyeuliza hawa ni watoto wa nani.

Nikawakalisha chini nikaanzisha wimbo wetu wa kuhesabu vidole. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi. Wale akina mama hawaujui wimbo, lakini waliudaka wakapiga makofi, wameligeuzia dume mgongo ili watoto waone nyuso zinazocheka.

Mwanajuma alikuwa anahesabu vichwa. Akahesabu tena. Kisha akanitazama.

"Mwalimu, Zuhura hayumo."

Nilichungulia katikati ya tuktuk mbili. Zuhura, wa miaka minne, alikuwa kule tulikotoka, amechuchumaa barabarani. Kiatu kilikuwa kimemvuka wakati tunakusanyana, naye amerudi kukichukua. Ametulia kabisa, anakipangusa mchanga.

Na dume lilikuwa limeshamwona.

Nilitaka kuruka nje. Yule dereva akanishika mkono. "Na hawa wengine, Mwalimu? Yule keshapata mtu."

Ni kweli. Kutoka ng'ambo ya barabara alikuwa anakuja mwanamume mbio na godoro kichwani, jipya, bado limo ndani ya nailoni. Akalishusha akalishika mbele yake kama ngao, mkono mwingine akamzoa Zuhura. Dume likaja kwa kichwa. Pembe zikazama kwenye godoro, mwanamume akaanguka ubavu amemkumbatia mtoto, na godoro likawafunika wote wawili.

Wimbo ulikatika wenyewe.

Hapo ndipo mama mmoja muuza viazi karai, vile viazi vya kukaanga, alipoacha mafuta yake jikoni kando ya barabara akatoka na kifuniko cha sufuria mkono mmoja, mwiko wa chuma mkono wa pili. Akalifuata dume huku akikigonga kile kifuniko kama ngoma.

"Tokaaa! Toka kwa mtoto! Njoo kwangu mimi, mshenzi wee!"

Dume likainua kichwa likamtazama. Naona lilishangaa, hata mimi ningeshangaa. Kule kushangaa kuliwapa nafasi wale waliokuwa wakilifukuza tangu mwanzo. Wakalinasa mguu kwa kamba, wakavuta kwa pamoja, likaenda chini puu! Wakalifunga miguu yote minne.

Godoro likainuka. Akatoka Zuhura, nywele zimejaa vumbi, kiatu mkononi.

"Mwalimu, nimekipata."

Nililia na kucheka kwa wakati mmoja. Vigelegele vilivyopigwa pale, ungedhani bibi harusi ndiye ametoka.

Yule mwenye godoro anaitwa Katana. Alichubuka kiwiko tu. Alisimama anatazama matundu mawili kwenye godoro lake, akasema, "Sasa mama watoto nikamwambie limeliwa na nini?" Kumbe mkewe alikuwa amejifungua siku si nyingi, na lile lilikuwa lake apumzike vizuri. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nikamuuliza kama anamjua Zuhura au wazazi wake.

"Simjui," akasema. "Niliona tu ni mdogo."

Safari ya uwanjani iliishia hapo. Madereva waliwapakia watoto wote wakaturudisha shule, na hawakutaka hata asante ndefu. Jioni mama yake Zuhura alipokuja na kusikia, aliomba nimpeleke kwa mtu huyo. Tukaenda naye kwa Katana. Walikuwa wakiishi mtaa mmoja, njia moja ya kwendea dukani, na hawajawahi kusalimiana. Sasa yule mama hapiki maandazi bila kumpelekea mke wa Katana.

Kesho yake baba wa bibi harusi alikuja shuleni kuomba radhi. Kwa Katana alipeleka godoro jipya, nene kuliko lile. Sisi akatualika harusini, watoto wote na wazazi wao.

Tulitandikiwa mkeka wetu. Wale madereva walikuwepo, mama wa viazi karai alikuwepo amependeza kwa leso mpya. Sinia zilipofika, kijana wangu mmoja wa darasa la watoto wadogo akauliza kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Mwalimu, hii nyama ndiyo yule ng'ombe?"



Mama wa viazi karai akamjibu, "Ndiyo yenyewe, mwanangu. Kula. Leo ni zamu yetu."

Wakuu, somo nililolipata ni hili. Tumezoea kusema siku hizi kila mtu na lake, mtoto ni wa mwenyewe. Siku ile sikuona hivyo. Niliona watu wakisogea mbele kabla ya kuuliza, Mwislamu, Mkristo, wa bara, wa pwani. Basi ukiona mtoto yuko hatarini usingoje mwenyewe atokee. Wewe uliye karibu ndiye mwenyewe.

Na nyinyi je? Kuna mtu usiyemjua aliyewahi kumshika mwanao, au kukushika wewe ukiwa mdogo, ukasalimika? Mwageni hapa chini, na kama jina lake hamkulijua, msimulieni hivyo hivyo.