Telegramu ya Bwana Harusi Iliyotiwa Bahasha ya Jeshi

Nilipopangiwa kazi Mtwara nilikuwa msichana wa kutoka kanda ya ziwa, mwepesi wa kucheka, na pale ofisi ya simu wakanikalisha mbele ya teleprinta, mashine ya kuchapa simu za maandishi. Nikaipenda siku ileile. Mapigo ya umeme yalikuja kwenye waya kwa mafungu ya matano, na kila fungu mashine ikaligeuza herufi. Ila fungu lilelile lilikuwa na kazi mbili: la A lilikuwa pia la kistari, la I lilikuwa pia la tarakimu 8. Dar walitanguliza ishara ya kusema sasa herufi, au sasa tarakimu. Radi ikiimeza ishara ile njiani, mashine huchapa upuuzi mtupu, bila haya.

Shoga yangu wa mashine ya pili, Mmakonde wa Chuno, alikuwa aolewe Jumamosi. Mchumba wake, dereva wa winchi bandarini, alikuwa Dar mafunzoni, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Hakuna aliyejua kama ameondoka huko au amekwama njiani. Ijumaa asubuhi mjomba wa shoga yangu, ambaye kwao ndiye mwenye kauli ya mwisho, alifika kaunta.

"Mwanangu, lori la kurudi kwetu, kando ya Ruvuma, linaondoka saa sita," alimwambia. "Neno likija kabla, harusi ipo. Lisipokuja, tunarudi wote nyumbani. Mie siwezi kulisha watu harusi ya mtu mmoja."

"Sawa, mjomba," akajibu, akarudi kuketi, akaanza kukosea kila neno alilochapa. Niliumia mno. Mjomba alikaa kwenye benchi akitazama saa ya ukutani.

Hapo ndipo nikakumbuka simu ya maandishi ya asubuhi. Ilikuwa imeingia tangu tunafungua ofisi, alama tupu na tarakimu, na katikati mashine ikapiga kengele yenyewe. Miaka ile vita ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na simu ya tarakimu ilihesabiwa ni ya jeshi, haikuangaliwa mara mbili: ilitiwa bahasha, ikagongwa lakiri, ikangojea gari la kambi. Msimamizi aliifunga palepale, na hakuna kati yetu ambaye angefanya vingine. Lakini simu za jeshi zilikuja kwa mafungu yaliyolingana kama askari gwarideni. Hii ilikuwa na vipande virefu na vifupi, tena ina mabano!

"Ndugu msimamizi, tufungue ile bahasha."

"Una wazimu? Mali ya jeshi hiyo!"

"Jeshi gani linaandika mabano, ndugu?"

Alinikodolea macho. Kisha akaitazama bahasha, akamtazama shoga yangu, akavunja lakiri kwa kisu cha karatasi huku akinung'unika kwamba mimi nitamfungisha.

Mstari wa kwanza wa ujumbe ulisomeka hivi: ,-(7- ,- .3)8. Nikawasha mashine ya akiba, nikaiweka upande wa herufi, nikagonga vitufe vilevile, alama baada ya alama. Ikachapa: NAKUA NA MELI.

"Anakua?" msimamizi akauliza. "Mtu mzima yule?"

Nilicheka hadi nikashika mbavu, lakini vidole havikusimama. NAFIKA IUMAA. Ndipo nikaruka kutoka kitini. Kitufe cha J, upande wa tarakimu, hakichapi kitu, kinapiga kengele tu! Kila J ya yule bwana ilikuwa imelia hewani asubuhi ile, na sisi tukidhani mashine ina mafua. Nakuja na meli, nafika Ijumaa. Nikagonga na mstari wa juu kabisa, wa anwani, likatoka jina la shoga yangu, herufi kwa herufi.

Tulipiga vigelegele ndani ya ofisi ya serikali. Msimamizi alisema "Nyamazeni!" huku naye akipiga meza kwa furaha. Shoga yangu alinikumbatia, akaichana ile karatasi kutoka kwenye mashine, akaipeleka benchini mbio.

"Leo, mjomba! Anafika leo, na meli!"

Mzee hakusoma. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akainua macho kwenye saa.

"Basi umeniponza," akasema. "Kuku wa harusi wote nimeshawapakia lorini."

Shoga yangu akapiga magoti palepale sakafuni, machozi yakimtiririka, anacheka.

"Washushe, mjomba."